Msaada wakuu: saketi moja, njia mbili, majibu mawili tofauti

Tumaini_Umeme

Wakuu, salaam. Naomba msaada wenu kabla sijakata tamaa na hili somo.

Nipo mwaka wa kwanza, stashahada ya uhandisi umeme. Mwezi ujao nina sapu (mtihani wa marudio) ya nadharia za saketi na nikifeli tena narudia mwaka. Swali linalonitesa ni hili:

Betri mbili, rezista tatu. Betri ya kwanza, kushoto, ni volti 18 na imefuatana na rezista ya ohm 2. Ya pili, kulia, ni volti 9 na imefuatana na rezista ya ohm 3. Ncha chanya za betri zote mbili, kupitia rezista zake, zinakutana juu kwenye nodi moja (sehemu matawi yanapoungana), tuiite A. Katikati kuna rezista ya ohm 6 inayotoka A kushuka hadi waya wa chini, ambako ncha hasi zote zimeungwa. Tafuta mkondo wa kila tawi.

Nilitumia njia ya vitanzi, yaani mlinganyo mmoja kwa kila mzunguko uliofungwa. Ia kushoto, Ib kulia, yote miwili nikaizungusha kufuata mshale wa saa. Nikaandika:

8Ia − 6Ib = 18
−6Ia + 9Ib = 9

Nikapata Ia = 6, Ib = 5. Maana yake rezista ya katikati inapitisha ampea 1, na A ina volti 6.

Mwenzangu wa bwenini katumia njia ya nodi, yaani kusawazisha mikondo inayoingia na kutoka A, kapata A ina volti 12. Tumekesha mpaka saa nane usiku. Hesabu nimezirudia mara tatu na sioni kosa. Darasani tukiuliza tunaambiwa tukafanye mazoezi zaidi, sasa tutafanyaje mazoezi ya kitu ambacho hatujui tunakikosea wapi? Naombeni mnioneshe, na pia mniambie mnajuaje kwamba swali fulani ni la njia fulani. Natanguliza shukrani.

MchoraWaya

Mwenzako yuko sahihi. Mstari wa pili, ile 9 ya kulia iwe −9. Ukishabadilisha, Ia inakuwa 3 na Ib inakuwa 1.

Tumaini_Umeme

Asante mkuu, lakini kwa nini hasi? Betri si inasukuma kama ile nyingine?

MzeeWaGridi

Mdogo wangu, hapo ndipo wengi wanapojikwaa, na ukipaelewa vizuri nusu ya sapu umeshaimaliza. Chukua mchoro wako, weka kidole kwenye waya wa chini, kisha tembea kitanzi cha kulia kwa mwelekeo ule ule uliouchagua wewe, wa mshale wa saa. Unapanda katikati kupitia ohm 6. Unafika A, unakwenda kulia kupitia ohm 3. Halafu unashuka kupitia betri ya pili. Angalia unaiingia kwa ncha ipi: chanya. Unatokea hasi. Umeshuka volti 9.

Betri inasukuma kweli, ila kidole chako kinatembea kinyume na msukumo wake. Kwenye kitanzi cha kushoto ulipanda betri ya volti 18 kutoka hasi kwenda chanya, kwa hiyo pale msukumo ulikuwa upande wako. Betri mbili zimewekwa sawasawa kwenye mchoro, lakini safari zako mbili zimezipita kwa pande tofauti. Ukijumlisha mishuko yote ya kulia:

6(Ib − Ia) + 3Ib + 9 = 0

Ile 9 ikihamia upande wa pili inakuwa −9. Katikati inabaki 3 − 1, yaani ampea 2 zikishuka kwenye ohm 6. Hizo ni volti 12 za mwenzako.

Sasa la muhimu zaidi, maana kwenye chumba cha mtihani hutakuwa na sisi. Ungejuaje saa nane ile usiku kwamba umekosea? Chukua jibu lako ulipeleke kwenye tawi ambalo hukulitumia kutafuta volti ya A. Ulisema ampea 5 zinatoka A kuelekea betri ya volti 9. Basi kwa njia ya kulia, A iwe na 9 + (3 × 5), yaani volti 24. Kwa njia ya katikati ulisema volti 6. Nodi moja haiwezi kuwa na volti mbili. Dakika moja tu, na unajua.

Kuhusu njia ipi: hesabu milinganyo kabla ya kuandika chochote. Vitanzi hapa ni viwili, milinganyo miwili. Nodi usiyoijua volti yake ni moja tu, A, kwa hiyo mlinganyo ni mmoja:

(18 − V)/2 + (9 − V)/3 = V/6

Zidisha kote kwa 6: 54 − 3V + 18 − 2V = V. Basi 72 = 6V. Umemaliza. Mimi saketi ikiwa na matawi mengi yanayokutana sehemu moja huenda na nodi. Ikiwa ndefu kama ngazi, vyanzo vyake ni vya volti na vitanzi ni vichache, huenda na vitanzi.

Kizito_88

Kalkuleta ya Casio fx-991 ina sehemu ya EQN, unaingiza namba tu inakupa Ia na Ib.

MzeeWaGridi

Ni kweli na inaokoa muda, Kizito. Ila mlinganyo wenye alama mbaya itautatua vilevile. Tumaini hakukosea kutatua, alikosea kuandika.

FundiSola_Moro

Niongeze kitu kutoka kazini. Ukitumia nodi utapata mkondo unaotoka betri ya pili ni (9 − 12)/3 = −1. Usiogope hiyo hasi na usiifute. Inakwambia kitu cha kweli: betri ya volti 9 haitoi umeme, inachajiwa kwa ampea 1.

Haya nayaona kwenye nyumba za watu. Mtu ana betri ya sola iliyochoka, ananunua mpya, anaziunga sambamba akidhani atapata nguvu ya mbili. Ukizima mizigo yote na kubana klampu mita (kipimo cha mkondo) kwenye waya, unakuta mkondo unatoka kwenye mpya kuingia kwenye ile kuukuu. Mteja anasema betri mpya ni mbovu. Si mbovu, inamlisha mwenzake.

Tumaini_Umeme

Fundi, ubarikiwe. Mara zote nikipata hasi nilikuwa nafuta naanza upya!

Swali lina sehemu (b), tutumie supaposisheni (kuangalia kila betri peke yake, kisha kujumlisha) kutafuta nguvu kwenye ohm 6. Niliacha betri moja moja. Ya volti 18 peke yake inaipa A volti 9, ya volti 9 peke yake inaipa volti 3. Nguvu ya kwanza 81/6 = wati 13.5, ya pili 9/6 = wati 1.5. Jumla wati 15. Niko sawa?

Nafula_EE

Habari kutoka Eldoret. Volti zako ni sawa kabisa, 9 + 3 = 12. Lakini nguvu haijumlishwi hivyo, dada, kwa sababu inategemea mraba wa volti, na mraba wa jumla si jumla ya miraba. Jumlisha volti kwanza, kisha tafuta nguvu: 144/6 = wati 24. Karibu kila mtahini anapenda kuweka huo mtego.

Kama kuna sehemu (c) inayobadilisha ile ohm 6, usirudie yote. Itoe ohm 6, tafuta volti ya A ikiwa wazi: mkondo unaozunguka ni (18 − 9)/5 = ampea 1.8, kwa hiyo A ina 18 − 3.6 = volti 14.4. Betri zikibadilishwa kuwa waya mtupu, ohm 2 na ohm 3 sambamba zinatoa ohm 1.2. Hiyo ndiyo Thevenin yako: saketi nzima imekuwa betri moja ya volti 14.4 na rezista moja ya ohm 1.2. Rudisha ohm 6: 14.4/7.2 = ampea 2, jibu lile lile kwa njia ya tatu. Na wakiuliza ukinzani gani unavuta nguvu nyingi kuliko yote, ni ohm 1.2, na nguvu ni wati 43.2.

MchoraWaya

Tumaini, mwanafizikia Kirchhoff mwenyewe alizitoa sheria hizi za vitanzi na nodi mwaka 1845 akiwa bado mwanafunzi wa chuo kikuu kule Königsberg. Nawe ni mwanafunzi. Kaza.

MzeeWaGridi

Kabla hujalala jaribu moja. Igeuze betri ya pili, ncha chanya iwe chini. Tatua upya, kisha hakiki kwa nguvu: wati zinazotolewa na betri zilingane na wati zinazoliwa na rezista. Kwenye swali la mwanzo betri ya kwanza inatoa 54. Rezista zinakula 18, 3 na 24, na betri inayochajiwa inachukua 9. Jumla 54.

Tumaini_Umeme

Wakuu nimerudi. Betri ikigeuzwa, kidole kinaiingia kwa hasi na kutokea chanya, kwa hiyo upande wa kulia inakuwa +9. Nimeandika mistari miwili nikashtuka: ni ile ile niliyoileta hapa mwanzo! Ia = 6, Ib = 5, A ina volti 6. Nimejaribu na nodi pia, 36 = 6V, volti 6.

Nguvu: betri zinatoa 108 na 45, jumla 153. Rezista zinakula 72, 75 na 6, jumla 153.

Kumbe usiku wote ule nilikuwa nimetatua vizuri saketi ya betri iliyogeuzwa. Mwenzangu nimemwamsha nimemwonesha. Kesho tunaanza maswali yenye vyanzo vya mkondo, nikikwama narudi hapa hapa.