Mrejesho: safari ya Mombasa na mtoto anayetapika

Jamani asanteni sana. Mimi ndiye yule wa South B, Nairobi, niliyewauliza kama tujaribu tena kwenda kwa shosho (nyanya yake mtoto) huko Likoni, Mombasa, baada ya kijana wetu wa miaka 2 kutapika basini hadi tukashukia Mtito Andei na kurudi nyumbani.

Tulienda! Tulifuata ushauri wa treni, ile ya saa mbili asubuhi kutoka Syokimau. Aliyesema tusimshindilie chai ya maziwa kabla ya kutoka, Mungu akubariki. Tulimpa ndizi nusu na mkate mkavu, maji kidogo kidogo, na simu tukaificha kabisa. Alilia kuitaka mpaka Athi River, kisha akaanza kuhesabu ng'ombe. Tulipopita Tsavo akaona ndovu, akasahau kila kitu. Hakutapika hata mara moja.

Sasa kasheshe ilikuwa Miritini, kituo cha treni cha Mombasa. Tulipanda matatu kwenda mjini, joto, foleni, na mimi kwa furaha nilikuwa nimemnunulia juisi. Kabla hatujafika feri, shati la baba yake lilikuwa limekwisha. Kosa langu hilo.

Dawa ya kuzuia kutapika sikumpa; daktari wa kliniki alikubaliana na mama aliyesema tusijinunulie dukani.

Nauli ya basi lile la kwanza hatukurudishiwa. Nilipiga simu mara nne, nikachoka.

Kurudi tulichukua treni ya usiku. Alilala kama gunia, mimi ndiye sikulala.