Watafiti wa utalii Malindi, hizo ripoti mnapeleka wapi??

Naandika nikiwa na hasira na sitaki mtu aniambie nitulie. Mie ni nahodha wa boti la kioo hapa Malindi, napeleka wageni kwenye matumbawe ya Marine Park, mwaka wa kumi na sita huu, na fomu za utafiti wa utalii nimejaza mpaka sikumbuki ni ngapi. Ripoti hata moja sijaiona. Nyie mmeona?

Juzi kaja kijana wa chuo, adabu anayo, kibali cha NACOSTI, ile tume ya serikali inayoruhusu utafiti, anacho, kaniambia nahodha ni dakika kumi tu. Nimesimama maji ya magotini, kamba ya boti mkononi, wageni wanne wanangoja, na kazi yetu ni ya maji kupwa, yakishajaa ukitazama kwenye kioo waona ukungu tu. Dakika kumi zikawa saa nzima. "Kuanzia moja mpaka tano, umeridhika kiasi gani na utalii?" Maswali arubaini na kitu, hakuna hata moja la petroli nanunua bei gani wala siku ikiisha nabaki na ngapi. Maji yakajaa, wageni wawili wakataka pesa zao, nikawarudishia.

Na wanachohesabu ndo kinaniuma zaidi. Wanaingia hotelini kwa meneja, vitanda vimejaa asilimia ngapi, vikijaa basi utalii unaendelea vizuri. Kwa nani?? Mgeni wa paketi keshalipa kwao Italia kabla hajapanda ndege, tikiti, kitanda, chakula mpaka bia, anashuka Mombasa anapakiwa basi mpaka getini, anavishwa kile kibangili cha plastiki na ndo basi, maana ya nini tena anunue dafu la yule mama pale pwani na ndani kila kinywaji kishalipiwa? Kitanda kimejaa kweli ila pesa yake nyingi haikufika hapa. Hata safari yangu inauzwa huko ndani kwa yuro, mgeni atoa 35, mie mwenye boti na petroli, mie ninayejua mwamba uko wapi, napewa shilingi 1,200 na tena mpaka mwisho wa mwezi. Wasomi wenyewe wana jina lake, uvujaji wa mapato, sasa mbona hamuupimi?

Halafu mnakuja Disemba na Januari, kaskazi, bahari shwari, kila mtu kavaa sare ya hoteli, mnaandika ajira. Njooni mwezi wa tano, kusi linavuma, masika inamwaga, geti limefungwa mnyororo, dada yangu anayetandika hivyo vitanda mnavyohesabu yuko nyumbani hana hata mia, angoja simu ya kuitwa. Kwenye jedwali lenu huyo ni mfanyakazi wa hoteli!

Kama kuna mtafiti anasoma hapa, lete hiyo ripoti, kwa Kiswahili, tukae pale chini ya mivinje uisome mbele yetu. Mie nitakuja na daftari langu la petroli na malipo, ninalo tangu 2019, tulinganishe mstari kwa mstari.

Na kama kuna yeyote humu aliyejaza fomu akaletewa matokeo, aseme, ilikuwa mwaka gani?