Redio ya umma Marekani: Rais akiongea, arushwe mubashara au ahakikiwe kwanza?

Mwanzisha mada: Wakuu, tulijadili hili bila ushabiki wa vyama vyao.

Machi 2020, corona ndiyo kwanza inapamba moto na Seattle imeshaanza kuzika, KUOW ya huko huko, redio ya umma na mwanachama wa NPR (mtandao wa kitaifa wa redio za umma), ilitangaza kwamba hairushi tena mubashara mikutano ya White House kuhusu ugonjwa huo. Sababu: yanasemwa mambo ya uongo au ya kupotosha, na studio haiwezi kuyahakiki papo hapo. Habari zenyewe waliendelea kuzitoa, ila baada ya kuzichuja.

Mimi nasema walikosea. Simtetei Trump. Aprili 23 mwaka huo alisimama mbele ya waandishi akahoji kama dawa ya kuua vijidudu inaweza kudungwa mwilini. Sasa jiulizeni, dunia iliamini vipi kwamba kweli kayatamka? Ilimsikia kwa sauti yake. Yangeletwa kwenye muhtasari wa dakika mbili, nusu ya nchi ingesema kazuliwa.

Isitoshe, NPR ilizaliwa hivyo. Aprili 1971, kazi yao ya kwanza hewani ilikuwa kurusha vikao vya Seneti kuhusu vita vya Vietnam, kabla hata hawajawa na kipindi chao cha habari. Leo msikilizaji kawa mtoto wa kutafuniwa?

Dereva wa lori: Mkuu, unasahau kwamba redio haina kioo. Televisheni inaweza kupitisha maandishi chini, "alichosema si kweli", huku jamaa anaendelea. Redio ina sauti moja tu. Ukitaka kumsahihisha, lazima umfunike.

Mimi nipo jimbo la Washington, huko huko ilipo Seattle, kazi yangu barabara ya I-90. Siku moja nawasha redio, nakuta mtu anaisifia hydroxychloroquine, dawa tuliyoizoea kwenye mambo ya malaria. Nafika ghala, nazima, napakua. Masahihisho kama yalikuja, yalikuja mimi nikiwa juu ya mizigo. Juni 15 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, walifuta kibali cha dharura cha hiyo dawa kwa wagonjwa wa corona, lakini hakuna aliyenifuata Spokane kuniambia.

Mlipakodi: Nyote mnazunguka mbuyu. Suala ni pesa ya nani. Sheria ya utangazaji wa umma ya 1967, aliyoisaini Rais Lyndon Johnson, inataka usawa kwenye mada zenye ubishi, na inakataza kituo cha umma kumpigia debe mgombea. Aliyempigia kura Trump analipa kodi kama mwenzake, halafu anaambiwa rais wake achujwe! Msishangae Julai 2025 Congress ilipofuta dola bilioni 1.1 za CPB, mfuko uliokuwa unavigawia vituo hela.

Mwanzisha mada: Mlipakodi, upande mmoja tupo pamoja, ila hesabu yako inachechemea. NPR yenyewe ilikuwa ikipata moja kwa moja kama asilimia 1 tu ya bajeti yake kutoka serikalini. Walioumia ni vituo vidogo vya vijijini, kule kule Trump anakovuna kura. Fimbo ilirushwa Washington DC ikatua Alaska.

(Na kabla hamjachanganya: Sauti ya Amerika, tunayoijua kwa Kiswahili, ni kitu kingine. Ile ni ya serikali, kwa wasikilizaji wa nje, na wafanyakazi wake wengi waliambiwa wakae nyumbani Machi 2025.)

Dereva, wewe ndiye umenibana. Hili la kuwasha redio katikati sikuwa nimelifikiria, na sina jibu safi. Labda mtangazaji aingie kila robo saa, ashushe sauti ya mzungumzaji kidogo, aseme: unamsikiliza Rais mubashara, haya hayajahakikiwa, uchambuzi saa fulani. Hapo hajamkata wala hajamwachia uwanja mtupu.

Dereva wa lori: Robo saa ni nyingi. Mimi nasikiliza dakika tano, nashuka.

Mwanzisha mada: Sawa, iwe dakika tano. Machi 4, 2025 Trump alihutubia Congress kwa karibu dakika 100. Ni mara ishirini hizo, na huyo mtangazaji naye watasema kapandikizwa na chama. Wengine mnasemaje?