Naomba ushauri: kipande cha mti cha mzee kimenata mafuta, nifanyeje?

Mwana_Umoja (Jumanne, saa 2:14 usiku)
Habari zenu wakuu. Nina kipande cha mti wa walnati kilichonizidi umri. Kilikuwa na vanishi iliyopasukapasuka, na mahali pamoja peusi kwa mafuta yaliyozama ndani. Jumamosi niliikwangua vanishi kwa kigae cha chupa, nikapiga msasa namba 80, kisha 120, kisha nikapaka mafuta ya kitani, yale yaliyochemshwa yanayouzwa duka la rangi. Leo siku ya nne bado kinanata kama kimemwagiwa asali. Ninaishi chumba kimoja, harufu imeingia hadi kwenye unga wa ugali. Nikikianika juani kitapasuka? Kinatakiwa nyumbani Ijumaa.

FundiGikomba
Usikianike. Umepaka nene, ndiyo shida yote. Mafuta ya kitani hayakauki kama maji, yanaganda kwa kushika hewa. Ukiyarundika, juu yanafanya utando na chini yanabaki uji. Chukua kitambaa kikwaruzo, kilowe tapentaini, ufute mpaka kiache kunata. Halafu upake kidogo sana, usugue kwa kiganja, ungoje robo saa, ufute yote yaliyobaki juu. Siku moja katikati ya kila mpako. Na kutoka 120 huwezi kwenda moja kwa moja kwenye mafuta, pitia 180 na 240, ukifuata nyuzi za mti.

Mama_Kasuku
Mume wangu alipaka kitanda mafuta hayo hayo 2019. Tulilala sebuleni wiki mbili. Mpaka leo shuka ya njano ina alama ya mbavu za kitanda. Sijui kama nimekusaidia.

FundiGikomba
Kwani ni kipande cha nini? Namba 80 kwa mti mkongwe namna hiyo ni kama kulima. Meza? Kiti?

Mwana_Umoja
Ni kitu cha mzee tu. Kimejipinda kidogo, upande mmoja mpana, mwingine mwembamba, kina mfereji katikati. Na ule weusi je, unatoka?

Ndengu_Moto
Mpana huku, mwembamba kule, mfereji katikati. Buda, huo ni mtumbwi au ni bunduki?

Mama_Kasuku
😂😂 Jibu swali.

Mwana_Umoja (saa 3:40 usiku)
Sawa. Ni kitako cha bunduki. Brno ya .22, zile za Chekoslovakia. Mzee alikuwa anafukuzia ngedere kwenye mahindi. Ina leseni. Chuma kiko Nyahururu kwa mama, kimefungiwa. Hapa nina mti peke yake, na mti hauui mtu. Naomba tusitoke kwenye mada.

Babu_wa_Kiserian
Mwanangu, umenikumbusha mbali. Baba yangu mdogo alikuwa mbeba bunduki wa mwindaji mmoja Mzungu, mpaka uwindaji ulipopigwa marufuku Kenya mwaka 1977. Kila jioni wakirudi kambini, kabla hajala, alikuwa anadondosha matone mawili ya mafuta ya kitani kwenye kiganja na kusugua kitako mpaka mkono uwake moto. Matone mawili! Sisi watoto tulikuwa tunapigania kunusa kile kiganja. Marufuku ilipokuja yule Mzungu aliuza magari akaondoka, baba mdogo akarudi nyumbani na sufuria mbili na kikohozi. Mpaka anakufa alikuwa akishika mpini wa jembe anausugua vilevile.

Weusi: changanya unga wa chaki na tapentaini uwe kama uji mzito, upake, uache ukauke, upanguse. Unafyonza. Rudia mara tatu nne.

Nuru_ya_Asubuhi
Badala ya kung'arisha chombo cha kuua, ng'arisha nafsi. Watoto wangapi wamepotea nchi hii kwa sababu ya vitu vya mzee vilivyoachwa chini ya kitanda?

Ndengu_Moto
Zile bunduki haramu serikali ilizochoma Ngong 2016 zilipita 5,000, na hakuna hata moja iliyopigwa msasa kwanza.

FundiGikomba
Turudi kwenye kazi. Kama kina mabonde ya kugongwagongwa, usiyafukuze kwa msasa, utamaliza mti. Weka kitambaa chenye maji juu ya bonde, gandamiza pasi ya moto sekunde chache. Mvuke unainua nyuzi zilizolala. Palipokatika hapainuki, palipobonyea panapanda. Kikikauka, msasa laini, ndipo mafuta.

Mwana_Umoja (Jumatano, saa 1:52 usiku)
Fundi, Mungu akubariki. Leo sikwenda kazini. Nimefuta kwa tapentaini, nimepiga pasi, mabonde mawili yamepanda kabisa, la tatu limebaki kama kovu. Chaki imetoa weusi nusu. Mpako wa kwanza umeingia, rangi imetokea kahawia yenye mistari, mpaka nikakaa chini nikaiangalia. Ila kuna shida: pale ubavuni mti umeshuka karibu nusu milimita, chuma kimetokeza, ukipitisha kidole kinakwama. Naweza kujaza?

FundiGikomba
Hiyo ndiyo hasara ya namba 80 bila kipande cha ubao nyuma yake. Vidole vinachimba. Mti ukishuka chini ya chuma haurudi. Usijaze, itaonekana kama kiraka cha suruali.

Karani_Mstaafu
Samahani. Mimi si fundi, nilikuwa karani wa rekodi miaka 31. Jana saa tatu na dakika arobaini chuma kilikuwa Nyahururu kimefungiwa. Leo saa moja na dakika hamsini na mbili kidole kinakwama kwenye chuma, kwako mtaa wa Umoja, Nairobi. Kimepanda gari gani?

Ndengu_Moto
Hekaya! Nilijua. Huyu hana bunduki, ana mwiko wa ugali.

Mama_Kasuku
Au ni wazee wa kazi wanatutega waone nani atasema "hata mimi ninayo". Mimi sina, jamani. Nina kitanda kinachonata.

Babu_wa_Kiserian
Na mimi niliyemwaga habari za baba mdogo! Kijana, kama unatudanganya sema sasa nikalale.

Nuru_ya_Asubuhi
Uongo una miguu mifupi.

Mwana_Umoja (saa 2:47 usiku)
Sidanganyi. Yaani nilidanganya hapo kwa chuma tu. Iko yote hapa.

Mzee alifariki Aprili. Leseni ilikuwa kwa jina lake. Ijumaa wazee wanakaa kugawa vitu, na kaka yangu mkubwa amekwisha kusema ile bunduki imeoza, auziwe jirani. Mimi ndiye niliyekuwa nabeba tochi mzee akitoka usiku. Nilitaka waione inang'aa waniachie. Niliileta ndani ya gunia la viazi, kwa matatu, hakuna aliyeuliza. Haina risasi hata moja. Kwa hivyo msinifanye jambazi.

Wakili_Bila_Kanzu
Nilikuwa nasoma tu. Sikiliza, ndugu. Cheti cha silaha ni cha mtu, hakirithiwi kama ng'ombe. Mwenye cheti akifa, aliyebaki na bunduki hana ruhusa, iwe na risasi au isiwe nayo. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haikuachii hata ya upepo. Wazee hawawezi kukupa Ijumaa kitu ambacho si chao kukupa. Ukiitaka, inakabidhiwa polisi kwanza, halafu wewe unaomba cheti chako kwa Bodi ya Leseni za Silaha, na unaweza kukataliwa.

Usipande nayo matatu tena. Usiende nayo kituoni umeibeba begani pia. Tafuta wakili leo, apige simu kituoni, waje waichukue au wakuelekeze. Weka tayari cheti cha mzee na cheti cha kifo.

Mwana_Umoja
Na mti? Bado imebaki mipako miwili. Nikiwapa hivi wataona nusu imefifia.

Wakili_Bila_Kanzu
Umesoma nilichoandika?

Mwana_Umoja
Nimesoma. Nauliza tu kama naweza kumaliza kesho asubuhi.

Karani_Mstaafu
Naamini sasa. Mwongo angekuwa ameshafunga akaunti.

Ndengu_Moto
Mimi bado. Weka picha.

Wakili_Bila_Kanzu
Asiweke picha!

FundiGikomba
Mwana_Umoja, acha mti kwanza. Vile vitambaa ulivyofutia mafuta leo viko wapi?

Mwana_Umoja
Nimevikunja kwenye ndoo ya plastiki, chini ya kitanda. Pamoja na gunia. Kwa nini?

FundiGikomba
Yale mafuta yakiganda yanatoa joto. Kitambaa kikikunjwa joto halina pa kutokea, linapanda mpaka kinawaka chenyewe, bila kiberiti. Vitoe, uvitumbukize kwenye maji, ukavianike nje kimoja kimoja. Sasa hivi.

Mama_Kasuku
Eti chenyewe? Na kitanda chetu je??

Mwana_Umoja (saa 3:20 usiku)
Nimetia mkono. Vya juu ni baridi, vya katikati vina joto kama chapati iliyofunikwa. Natoka navyo nje.