Mrejesho: Lasix na prednisolone kwa mtoto aliyevimba

Wakuu, ni mimi wa Moshi niliyeuliza kama mtoto aliyevimba uso na miguu anaweza kupewa Lasix na prednisolone pamoja. Tulirudi hospitali. Mkojo umejaa protini, figo zinavujisha. Daktari akasema Lasix inatoa maji tu kwa njia ya mkojo, chanzo haikigusi. Prednisolone ndiyo inayozuia uvujaji, ila haina haraka. Kwa hiyo Lasix ilitangulia, sasa imesimamishwa, prednisolone inaendelea.

Mliosema dawa hizi zinashusha potasiamu (madini ya kwenye damu), ni kweli, zote mbili, ndiyo maana damu ilikuwa inapimwa. Chumvi pia tumepunguza (machalari, ndizi zetu za kupika na nyama, bila chumvi ya kutosha, mtoto ananuna kweli). Na Lasix mpe asubuhi, la sivyo usiku mzima mko chooni.

Miguu imenywea. Mashavu bado ya mviringo, hayo ni ya prednisolone yenyewe. Bibi yake anafurahi eti kanenepa. Aliyenishauri niache vidonge vya prednisolone uvimbe ukiisha: daktari kakataa katakata. Vinapunguzwa kidogo kidogo, kwa kuwa mwili unakuwa umezembea kutengeneza homoni yake inayofanana na prednisolone. Wiki ijayo tunapima mkojo tena.