Mchuzi wa kondoo wa nazi, wapi Tanga mjini?

Wa Raskazone:
Asalaam aleikum wenyeji. Jumamosi nampokea baba mkwe kutoka Moshi. Ameniomba kitu kimoja tu: mchuzi wa kondoo wa nazi, ule aliokuwa akila ujanani alipofanya kazi bandarini hapa. Wiki hii nimezunguka sehemu tatu. Mbili hawana. Ya tatu nimeletewa sahani, kuonja, mbuzi! Na mwenyewe kashikilia kuwa ni kondoo. Imeniuma sana. Nimpeleke wapi mzee wangu?

Barabara ya Nane:
Pole kaka. Siku nyingine acha mchuzi upoe kidogo: mafuta ya kondoo huganda upesi, meupe kama mshumaa, na midomo inanata. Huku Ngamiani kila siku utapata ng'ombe, mbuzi, samaki. Kondoo ni wa Idi na shughuli. Wengi hawampendi kwa harufu yake, kwa hiyo mwenye mgahawa anaogopa sufuria kumlalia.

Mama Makorora:
Mwanangu, usihangaike na hoteli, huyo ni wa kupikwa nyumbani. Kondoo wa wafugaji wa Handeni na Kilindi wana mkia wa mafuta. Mwambie muuza nyama akupe mguu wa kondoo mdogo, na mafuta ya mkia usichukue zaidi ya kipande cha vidole viwili. Harufu wanayoilalamikia watu imo humo.

Paka ndimu, tangawizi na kitunguu saumu tangu asubuhi. Chemsha taratibu, mafuta yanayopanda yaengue kwa upawa. Ukwaju tia mapema, pamoja na bizari nzima uliyoikaanga na kuitwanga mwenyewe, kisha tui jepesi. Tui zito ni la mwisho, na hapo usiondoke jikoni hata ukiitwa: moto mdogo, koroga bila kuacha mpaka lichemke mara moja, epua. Likikatika, mchuzi unakuwa chembechembe na hakuna dawa.

Ule na mkate wa kumimina, ule wa mchele, uliopaliwa makaa juu na chini. Wali pia sawa, lakini mzee wa bandarini atauliza mkate.

Wa Raskazone:
Shikamoo mama. Mguu nimeshaagiza, nazi tano ninazo. Mbuzi ya kukunia ndiyo sina, na mkate siuwezi.

Mama Makorora:
Marahaba. Mbuzi ninayo. Niandikie pembeni nikuelekeze nyumbani, uje Ijumaa baada ya Alasiri na mkeo, mchele tuuloweke usiku huohuo.