Msomaji ameshahisi muuaji ni nani na hadithi bado haijaisha. Nibadilishe mwisho? Naombeni ushauri

Kalamu Butu

Wakuu, heshima kwenu.

Mimi ndiye ninayeleta Ufunguo wa Tatu kila Jumanne na Ijumaa. Tumefika sehemu ya 23, nilipanga kufunga ya 30. Mwisho ninao tangu kabla sijaandika sentensi ya kwanza, upo kwenye daftari, na mpaka wiki tatu zilizopita nilikuwa nalala usingizi wangu vizuri tu.

Kwa asiyeifuatilia: Mzee Hamadi amekutwa amekufa kwenye chumba chake cha kusomea. Askari wamevunja mlango, wametoa mwili, wametia lakiri, hakuna mtu wa nyumbani aliyekanyaga ndani. Wanaoshukiwa ni mdogo wake Kassim ambaye madeni yamemfika shingoni, mkewe kijana Salma, na dereva Zuberi mwenye jicho moja bovu. Halafu yupo Bi Tatu, mlezi wa nyumba ile kwa miaka 30, aliyemlea hata Salma mwenyewe. Yeye kazi yake ni kufariji watu. Ndivyo nilivyotaka aonekane.

Sasa sehemu ya 17 ikatoka, mtu mmoja akaandika chini yake mstari mmoja: "Bi Tatu alijuaje habari ya miwani?" Nikahisi kama nimemwagiwa maji ya baridi. Sehemu ya 9, Bi Tatu anamwambia Salma, "Usilie mwanangu, alikwenda kwa amani, hata miwani yake aliikunja akaiweka juu ya kitabu." Mstari huo niliupenyeza katikati ya kilio nikiamini hakuna atakayeuona. Tangu siku hiyo maoni yote ni miwani, miwani. Nusu wanasema wamemnasa. Nusu wanasema nikimgusa Bi Tatu hawasomi tena.

Mengine ni madogo madogo: wapo wanaotaka Salma aolewe na inspekta, wapo wanaosema sehemu ni fupi, na kuna mmoja amelivalia njuga suala la risasi ya bega.

Sisemi aliyetaja Bi Tatu amepatia wala amekosa. Nauliza tu, mnipe mawazo: ukiona wasomaji wamekuwahi, unabadilisha muuaji? Nimekwishaanza kuandika sehemu ya 24 inayomwangukia Kassim. Au niache kusoma maoni kabisa mpaka nimalize?

Mzee wa Kiti cha Mbele

Ushauri baadaye mkuu. Leo Ijumaa. Sehemu ya 24 iko wapi? Arosto itatuua huku.

Msomaji Kimya

"Sisemi amepatia wala amekosa." Mkuu, kwa kuuliza hivi umeshajibu 😂 Sijawahi kuandika neno tangu sehemu ya 1, leo nimejitokeza kukuambia hilo tu. Narudi kimya.

Mhariri Mchovu

Nimefanya kazi ya kuhariri hadithi za watu kwa muda, nikueleze ninavyoliona hili.

Anayeandika kitabu akigundua kosa mwishoni, anarudi ukurasa wa tatu, anafuta, msomaji hajui kitu. Wewe sehemu ya 9 imeshasomwa, imenakiliwa, imesambazwa kwenye magrupu. Huwezi kuiita irudi. Ukimfanya Kassim muuaji leo, ile miwani unaipeleka wapi? Utalazimika kutafuta maelezo: labda askari mmoja alimwambia, labda alichungulia dirishani. Kila maelezo utakayoyashona hapo yataonekana kiraka, na atakayekiona wa kwanza ni yuleyule aliyekusoma kwa makini kuliko wote. Unamwadhibu msomaji wako bora kwa kosa la kusoma vizuri.

Tena hesabu vizuri. Aliyegundua ni mmoja. Wale wengine wameonyeshwa kidole, wakatazama kilipoelekea. Mtego uliotegwa kwenye sehemu ya 9 ukamnasa mtu mmoja kwenye sehemu ya 17, huo mtego ni mzuri. Wasingenasa kabisa, ungefika ya 30, ukamfichua Bi Tatu, wangekuambia umemtoa mfukoni.

Ila kuna kitu kimeharibika kweli, nisikupake mafuta. Ulikuwa umepanga kuishi kwa swali la "nani" hadi sehemu ya 30. Swali hilo limekufa. Ukiendelea kulibeba sehemu saba zaidi, unambeba maiti na kila mtu anasikia harufu. Lete ufichuzi mapema. Sehemu ya 25, inspekta aulize swali lilelile alilouliza msomaji, kwa maneno yaleyale: ulijuaje habari ya miwani? Halafu una sehemu tano za kazi ngumu zaidi. Kwa nini mwanamke aliyelea nyumba nzima aue. Na Salma afanye nini na mama aliyemlea.

Mama Wawili

Mimi ndiye niliyeandika ukimgusa Bi Tatu mimi na wewe basi. Na sijafuta kauli.

Lakini nikimsoma Mhariri Mchovu hapo juu... Salma alifiwa na mama akiwa na miaka minne, si ndiyo? Sehemu ya 2, Bi Tatu anamfunga vifungo vya gauni siku ya mazishi, kifungo cha mwisho kinakatika, anakiweka mdomoni asikipoteze mpaka wanarudi. Nililia pale. Sasa huyu mtoto akimtaja Bi Tatu kwa inspekta anakuwa yatima mara ya pili, kwa mkono wake mwenyewe.

Nakuchukia mwandishi. Andika.

Nesi wa Zamu

Anayelalamikia risasi ya bega ni mimi. Sikukusudia kukuaibisha, na sijui kwa nini kila mwandishi anadhani bega ni mahali salama pa kupigwa risasi. Chini ya mtulinga unapita mshipa mkubwa unaopeleka damu mkononi, na hapohapo kuna msuko wa neva zinazoendesha mkono mzima. Mshipa ukikatika damu inaweza kuisha kabla hujafika popote. Neva zikikatika unapona, mkono unabaki umening'inia. Inspekta wako kapigwa pale sehemu ya 20, kesho yake anapanda ukuta kwa mkono uleule!

Si lazima umuue. Risasi imparuze nyama ya nje ya mkono, juu ya kiwiko, ashonwe, na ukuta aupande huku uzi unamvuta. Ni sentensi mbili. Kwa sasa nikifika kwenye ule ukuta natoka kwenye hadithi narudi kazini.

Kasuku wa Kijani

Mimi sina tatizo na Bi Tatu, nina tatizo na ITAENDELEA.

Mwisho wa sehemu ya 12: "Salma akafungua kabati. Alichokiona kilimfanya apige ukelele uliotetemesha nyumba nzima." Itaendelea. Siku nne nimekaa na ukelele kichwani. Sehemu ya 13 inafunguka: "Alikuwa paka." Paka! Mkuu, siku nne!

Sasa linganisha na mwisho wa sehemu ya 15. Kassim anasoma ule wosia mbele ya watu wote, anaukunja taratibu, anautia mfukoni, anasema, "Hakuna kitu humu." Basi. Hakuna ukelele wala bastola, na nilikosa raha kuliko siku ya paka, kwa sababu nimeona mtu anadanganya na sijui anaficha nini. Ukikata pale, nitasubiri hata wiki bila kulalamika kwamba sehemu ni fupi. Hao wanaosema sehemu fupi, wachunguze, wengi walianza kulalamika baada ya paka.

Kalamu Butu

Jamani paka nisameheni. Ile wiki sikuwa na akiba hata ya sehemu moja, niliandika ya 12 saa tano usiku nikaikata pale nilipoishiwa, sikujua mwenyewe ndani ya kabati kuna nini.

Na wanaoniita mkuu, mimi ni dada.

Mzee wa Kiti cha Mbele

Samahani dada. Sehemu ya 24 iko wapi?

Fundi Sentensi

Nakubaliana na Mhariri kwa sehemu kubwa, ila asikuaminishe kwamba kubadilisha hadithi katikati ya safari ni dhambi. Inategemea aliyekulalamikia anasema nini.

Charles Dickens, mwandishi Mwingereza, alikuwa akitoa riwaya yake David Copperfield kwa sehemu za kila mwezi kuanzia Mei 1849. Katikati akamwingiza Miss Mowcher, mwanamke mfupi mno wa kimo, akimpika kuwa mtu mbaya. Desemba mwaka huohuo akapata barua kutoka kwa jirani yake, mwanamke mwenye kimo hichohicho aliyekuwa akifanya kazi ya kutunza miguu na kucha za watu. Alikuwa amejitambua kwenye ile sura, na barua ilikuwa ya uchungu. Dickens akageuza mpango. Miss Mowcher aliporudi kwenye sehemu za mbele alikuwa mtu wa huruma, na anasema wazi kwamba watu wasidhani upungufu wa mwili ni upungufu wa akili au utu. Ukisoma mfululizo, mshono unauona, yule wa kwanza na yule wa pili si mtu mmoja. Lakini mtu halisi alikuwa anaumia, na akilinganishwa na mshono, mshono si kitu.

Suala la Bi Tatu ni lingine kabisa. Hakuna anayeumia hapo, kuna watu wanaompenda mhusika. Mwandishi Conan Doyle alimuua mhusika wake, mpelelezi Sherlock Holmes, Desemba 1893, wasomaji wakaja juu, wengine wakaacha kununua jarida lililokuwa likichapa visa vile. Alikuja kumfufua mwaka 1903. Miaka kumi! Na kelele zile zilikuwa sifa kwake hata kama hakupenda kuzisikia.

Kwa hiyo dada, hayo maoni usiyaweke kapu moja. La Nesi ni kosa, sahihisha. La Kasuku ni ufundi, jifunze. La kumwoza Salma kwa inspekta, hilo linakuambia kwamba Salma yuko mpweke mno na watu wamechoka kumwona analia peke yake. Huhitaji harusi. Mpe mtu wa kuzungumza naye kwenye sehemu moja uone kama hawatanyamaza.

Mhariri Mchovu

Hilo la Salma mpweke sikuliona. Kweli.

Kuhusu kuacha kusoma maoni: usiache, ila yasome ukiwa mbele. Weka akiba ya sehemu tano, usianze kutoa mpaka zimetimia. Maoni ya sehemu ya 23 yakukute unaandika ya 28, hapo hata ukikasirika huwezi kuiharibu ya 24. Wewe sasa hivi unaandika usiku, unaweka asubuhi, halafu mchana unasoma watu wanasema nini na jioni unaandika ukiwa bado unawaka. Hiyo sehemu ya Kassim, apa kwamba hukuiandika ukiwa na hasira.

Kalamu Butu

Siapi.

Msomaji Kimya

Nimerudi. Nilisema narudi kimya lakini jambo moja: ukisahihisha sehemu ya zamani, kama hiyo risasi, tujulishe mwanzoni mwa sehemu mpya. "Sehemu ya 20 nimerekebisha jeraha la inspekta." Sisi tunaosoma bila kuandika hatupiti tena nyuma. Kuna hadithi niliifuata hivyo, mwandishi akabadilisha jina la mke wa mtu kimyakimya, nikaishi wiki mbili naamini jamaa ana wake wawili.

Kalamu Butu

Wadau nimewasoma wote, wengine mara tatu.

Ile sehemu ya 24 ya Kassim nimeifuta. Niliisoma tena asubuhi nikakuta Kassim anakiri kosa katika aya moja, kama mtu anayewahi basi, na kwenye kukiri kwenyewe hajagusa miwani hata mara moja. Nami nilikuwa nimeikwepa bila kujijua.

Ufichuzi unakuja ya 25. Risasi nimeihamisha, Nesi asante, na inspekta sasa anapanda ukuta akitukana kimoyomoyo. Wiki ijayo hakutakuwa na kitu, najaza akiba, naombeni msinitukane. Lakini leo ni Ijumaa na deni ni deni. Nimeandika upya sehemu ya 24, fupi, haina ukelele. Mwisho wake ni huu:

"Salma alikaa muda mrefu na ile miwani mapajani. Inspekta alikuwa ameirudisha asubuhi, ndani ya bahasha, pamoja na saa na kalamu. Bi Tatu akaingia, akaiona, akainyoosha mikono kuipokea kama alivyozoea kupokea kila kitu ndani ya nyumba ile. Kwa mara ya kwanza Salma hakumpa. Nyuma ya pazia la dirisha, Zuberi aliegemeza uso kwenye kioo, akakaza jicho lake la kushoto, akaona yote."

Itaendelea.

Mama Wawili

Hakumpa!! Jamani hakumpa.

Mzee wa Kiti cha Mbele

Nimevuta kiti karibu zaidi. Wiki nzima bila kitu ni uonevu lakini sawa.

Mchungulia Dirisha

Mimi ndiye wa miwani. Nilikuwa najizuia kuchangia kwenye uzi huu nisionekane najisifu.

Dada, sehemu ya 4: "Zuberi, ambaye jicho lake la kushoto lilipofuka tangu ajali."

Kalamu Butu

Ngoja nakuja.